Kabla hujakubali kiti cha bodi

Umeuliza kama mtu asiyesomea biolojia anafaa kujitolea kwenye bodi ya shirika la hisani la uhifadhi. Anafaa, tena anahitajika sana. Wanaojua ndege na misitu huwa tayari wamo kwenye bodi. Anayekosekana mara nyingi ni mwenye kuelewa hesabu, sheria au mambo ya ajira.

Ila kabla hujakubali, omba katiba ya shirika, mihtasari ya vikao vya karibuni na hesabu zilizokaguliwa za miaka 3 iliyopita. Kwenye hesabu, tazama kwa makini fedha zilizotolewa kwa kazi maalumu. Mfadhili akitoa za kupanda mikoko, haziwezi kugeuzwa kulipia pango la ofisi, kwa hiyo shirika linaweza kuonekana lina mamilioni ilhali fedha za uendeshaji zimekauka. Inaniuma kuona kazi njema ikisimama kwa sababu hiyo.

Uliza pia kama kuna bima ya wajumbe wa bodi, ya kuwakinga wakidaiwa kwa maamuzi yao, maana kujitolea hakukuondolei wajibu wa kisheria.

Kazi yako itakuwa kusimamia, si kuendesha. Kazi za kila siku, kama za kitalu cha miche, zina watendaji wake. Na kama una ardhi au biashara inayoguswa na uamuzi fulani, sema mapema, utoke kikaoni unapojadiliwa.