Zulia la manyoya marefu na mtoto anayetambaa

Dada, nimekuelewa: sebule ya mita 4 kwa 3 huko Mbagala, sakafu ya vigae, mtoto anatambaa na kupiga chafya kila asubuhi, na wewe umependa zulia la manyoya marefu. Nakuomba uliache hilo. Kwa unyevu wa Dar, hasa masika, likilowa halikauki, linanuka uvundo, na vumbi linazama chini ambako ufagio haufiki. Langu nililitupa baada ya msimu mmoja, na liliniuma.

Chukua la manyoya mafupi, la nyuzi za polipropilini (aina ya plastiki). Nyuzi zake hazinyonyi maji, kwa hiyo ukilifua linakauka upesi juani. Kabla ya kwenda Kariakoo pima kwa futikamba nafasi iliyo katikati ya makochi, si chumba kizima. Kwako futi 5 kwa 8 huenda ikatosha. Dukani ligeuze, ukunje kona: gundi ikipasuka, usinunue. Lisugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa uone kama linachuja. Chini weka mpira wa kuzuia kuteleza.

Ila chafya hiyo isingoje zulia. Akikohoa usiku au kifua kikilia, mpeleke kituo cha afya.