Nilivuka bahari, nikaja kutafuta vumbi

Swali lenu la wiki lilikuwa: “Mgeni ana siku tatu, hana gari na hataki makelele. Ungempeleka wapi karibu na unapoishi?” Mimi naishi Nîmes, kusini mwa Ufaransa, huu mwaka wa tisa. Najua wengi wa huku watawaandikia kuhusu Marseille na fukwe zake. Mgeni wangu ningempandisha treni ya Clermont-Ferrand, yeye na baiskeli, tukashuke Sainte-Cécile-d'Andorge.

Kwanza mnielewe. Nimezaliwa Lushoto. Baba alikuwa na baiskeli ya Phoenix iliyobeba kabichi mpaka yeye mwenyewe haonekani, na sijawahi kumsikia akiisifu barabara ya vumbi. Leo bintiye amenunua baiskeli kwa bei ya pikipiki, ina usukani uliopinda kama wa mbio na tairi nene, na anakata tiketi kwenda kutafuta mahali lami inapoishia. Wafaransa wameazima neno la Kiingereza, wanaziita graveli. Mimi nasema baiskeli ya changarawe. Nilipomweleza mama kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Kwani huko lami imewaishia?”

Haya, tumeshuka kituoni. Mwaka 1909 ilifunguliwa reli nyembamba kutoka hapo hadi mji mdogo wa Florac, kama kilomita 50 za kona, madaraja na mahandaki. Ikafungwa 1968. Sehemu kubwa ya tuta lake sasa ni njia ya watembeao kwa miguu na waendesha baiskeli, na raha yake ni kwamba treni haikuweza kupanda ukuta, kwa hiyo na wewe hupandishwi ukuta. Unakwea taratibu hadi Jalcreste, ambako barabara ya magari inapita kwenye mita 833, na njia nzima unaweza kupiga soga. Ila taa usiisahau. Ukiingia handakini na miwani ya jua, kama nilivyofanya mimi, utashuka usukume huku unapapasa ukuta unaodondosha maji.

Sasa tazama milima pembeni. Chini ya msitu kuna kuta za mawe, ngazi juu ya ngazi, mpaka karibu na kilele. Mara ya kwanza nilifunga breki. Matuta ya kwetu Usambara haya! Ila hakuna mahindi, hakuna maharage, hakuna mtu. Watu wa Cévennes, ndilo jina la milima hii, waliyajenga kwa mikono, wakapanda miti ya shatenye, ambayo njugu zake ziliwalisha maskini kiasi kwamba mti wenyewe waliuita mti wa mkate. Walikuwa pia na miforosadi, kwa ajili ya majani ya kulishia viwavi vya hariri. Kisha ugonjwa ukaingia kwenye viwavi. Mwaka 1865 serikali ilimtuma mwanasayansi Louis Pasteur huku Alès, mji wa jirani, kuuchunguza, naye akapata namna ya kuchagua mayai mazima, lakini hariri ya Asia ilikuwa rahisi zaidi na biashara haikusimama tena sawasawa. Vijana wakateremkia migodini na mijini. Vita ya 1914 ikachukua wengine. Mkoa wa Lozère, ambao Florac imo ndani yake, leo hauna hata watu 80,000. Ukimya wa huku una wenyewe, nao wamehama.

Usiku wa kwanza tunalala Florac, kwenye nyumba ya wapita njia, vitanda sita chumbani na banda la baiskeli uani. Kitanda kiwekeeni nafasi mapema, hasa Julai na Agosti.

Siku ya pili ndiyo hasa ninayomwitia mgeni. Juu ya Florac kuna uwanda wa mawe ya chokaa, Causse Méjean, kama mita 1,000 juu ya bahari. Kuupanda ni jasho tupu, hapo reli haikusaidii. Ukifika juu, miti inakwisha ghafla. Nyasi, mawe, kondoo, mbingu. Njia za vumbi jeupe zinakwenda kitongoji hadi kitongoji, Nivoliers, Hures, Drigas, na unaweza kumaliza saa nzima bila kupishana na gari. Karibu na Le Villaret wanaishi farasi wa Przewalski, farasi-mwitu wa asili ya Mongolia, wafupi, wekundu wa kahawia, manyoya ya shingo yamesimama kama burashi. Waliletwa 1993, na baadaye baadhi ya uzao wao ukarudishwa Mongolia. Ukisogea upande wa bonde la Jonte utaona tumbusi wakizunguka. Nao walikuwa wamekwisha kabisa eneo hili, wakarudishwa kuanzia 1981.

Lakini maji hakuna. Mvua ikinyesha inazama kwenye chokaa na kwenda kuchonga mapango huko chini. Pango moja, Aven Armand, limepewa jina la mhunzi aliyeteremka humo 1897. Juu hakuna kijito hata cha kunawia. Mwaka wangu wa kwanza sikulijua hilo. Nilikwenda Julai na chupa mbili, nikaufuata mstari wa ramani ya simu, mstari ukaniingiza kwenye vichaka vya miba, nikarudi nyuma nikisukuma. Saa nane mchana ulimi ulikuwa umegandamana na kaakaa.

Nikakumbuka kauli ya mwenzangu wa kazini: ukikosa maji, tafuta makaburi. Makaburi mengi ya vijiji vya Ufaransa yana bomba, kwa ajili ya kumwagilia maua. Nikayaona, ukuta mdogo na geti la chuma, nikaiegemeza baiskeli. Mtoto wa Lushoto, nianze kunywa maji ya makaburini! Nilipopita getini nilijikuta natoa salamu ya wafu niliyofundishwa madrasa. Mdomo ulitangulia akili. Ndani alikuwamo bibi mmoja, glavu za mpira mkononi, anang'oa magugu. Aliniona nalitazama lile bomba kama linaloweza kuniuma.

“Maji mazuri hayo, mwanangu,” alisema. “Jaza zote mbili. Hawa hawanywi.”

Yalikuwa ya baridi, yana ladha ya chuma kidogo. Nikanywa nusu chupa nimesimama, nikajaza tena. Tangu siku hiyo nikiona kibao cha “eau potable” juu ya bomba, yaani maji yanafaa kunywa, siulizi ni la nani. Kikiwa na “non” katikati, achana nalo.

Mengine mgeni atayajua njiani, ila matatu ningemwambia kabla. Mbwa wakubwa weupe katikati ya kondoo si wa kupiga picha. Shuka, iweke baiskeli kati yako na wao, sema kwa upole, zunguka mbali. Kila geti ulilolikuta limefungwa, ulifunge. Na kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari wawindaji wako msituni, vaa rangi ya chungwa hata kama haikupendezi. La mkate sitalihesabu maana nimeshakata tamaa: duka la mikate hufungwa siku ile ile unayofika. Nunueni Florac.

Tairi zisipungue milimita 40, chokaa ile ina makali. Nilipata pancha mbili siku moja, ya pili nikiwa nimebakiwa na kiraka kimoja, na kuna wakati nilimwonea wivu baba, aliyekuwa akiziba kwa kipande cha tyubu kuukuu na gundi ya fundi viatu.

Siku ya tatu tunarudi kwa njia ile ile, na baada ya Jalcreste ni mteremko hadi kituoni. Huwa nafika mapema, nakaa kwenye benchi, miguu myeupe kwa vumbi mpaka magotini. Safari iliyopita, nikisubiri treni hapo, nilimtumia mama picha ya yale matuta. Akaniandikia: “Shamba zuri. Mbona hawajapanda kitu?”