Vyura wa majini kutoka Tabata hadi Dodoma: wasafirishwe vipi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mume wangu amehamishiwa Dodoma kikazi, na mwezi ujao tunahama na gari letu, Noah. Mwanangu wa darasa la sita anafuga vyura watatu wa majini kwenye tangi la kioo. Muuza samaki wa mapambo ameniambia niwatie kwenye mfuko wa plastiki, aujaze maji na kuufunga kama anavyofunga samaki. Moyo unasita. Nifanyeje?
Mama Watatu, Tabata

JIBU: Marahaba, mama. Usikubali mfuko huo. Kwa picha uliyonitumia, hawa ni vyura wenye kucha, wataalamu huwaita Xenopus. Tazama mguu wa nyuma: vidole vitatu vya ndani vina kucha nyeusi, na ubavuni kuna vialama vyeupe kama mishono ya cherehani. Wanaishi majini maisha yao yote, lakini wanapumua kwa mapafu. Samaki anatumia hewa iliyomo ndani ya maji. Chura huyu lazima apande juu akaivute. Mfuko uliojaa maji, unaoyumba kila tuta, unaweza kumzamisha.

Tafuta ndoo za lita 10 zenye mifuniko inayobana, moja kwa kila chura. Wakibanana na kushtuka hutoa ute ngozini, na ute huo ukikolea kwenye maji machache unawadhuru wenyewe. Toboa mfuniko matundu madogo, maana hawa ni wepesi kutoroka. Weka maji ya tangi lao, yamfunike mgongo tu, pamoja na kipande cha sifongo kipya kisichowahi kugusa sabuni, akishikilie gari likiyumba. Msiwalishe siku mbili au tatu kabla ya safari. Kinyesi kwenye maji machache hugeuka sumu upesi.

Lakini ninachokihofia zaidi ni joto. Ni kama kilomita 450, na jua likipanda, eneo la Chalinze hadi Morogoro linachoma. Ondokeni saa kumi alfajiri. Ndoo zikae sakafuni nyuma ya kiti cha dereva, si kwenye buti, wala dirishani. Zifunge taulo lenye unyevunyevu, na kati ya ndoo na ndoo weka chupa ya maji yaliyoganda iliyoviringishwa gazeti. Barafu isiingie ndani ya maji, na kiyoyozi kisiwapulizie moja kwa moja. Mkisimama Morogoro kunywa chai, mtu mmoja abaki na gari. Gari lililofungwa juani huwa tanuri kwa dakika chache. Mkishafika Gairo kuna upepo na ubaridi, hapo mtapumua wote.

Pafyumu na dawa ya mbu msipulize garini. Ngozi ya chura inanyonya kila kitu, kwa hiyo hata mkono wenye losheni usimguse.

Chukueni madumu mawili ya maji ya tangi. Maji yetu ya Dodoma, ya visima vya Mzakwe, yana chumvi, si kama ya huko. Haya ya Dodoma yaacheni kwenye ndoo wazi siku nzima klorini ipungue, kisha myachanganye na yale ya tangi kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Mwambie kijana kuwa vyura wa korongo la Kihansi hapa Tanzania, wadogo mno, walipelekwa New York kwa ndege mwaka 2000, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa kwao. Basi chura akitunzwa anasafiri. Ila ugonjwa wa ukungu wa ngozi ni miongoni mwa mambo yaliyowamaliza kule porini, na vyura kama wenu wanaweza kuubeba, hivyo nakusihi: hata mkichoka kuwafuga, msiwamwage bwawa la Hombolo wala mtaroni. Maji ya ndoo nayo myamwage mbali na mabwawa.

Wakifika watajificha na kukataa kula. Waacheni gizani, tangi lifunikwe kitambaa. Siku ya pili au ya tatu kijana ajaribu nyungunyungu mmoja kwa kila chura.