TSH ikipanda, usikimbilie kupunguza dawa

Mama alifanyiwa upasuaji wa rovu, na tezi yote ya thairoidi ikaondolewa. Tangu hapo anakunywa kidonge cha levothairoksini, homoni ya thairoidi ya kutengenezwa, kila asubuhi, na mimi ndiye mtunza daftari lake la kliniki. Siku moja majibu ya maabara yakaingia kwenye simu yangu kabla hatujamwona daktari: TSH juu sana. Nikadhani hiyo ni homoni ya thairoidi, na imezidi, basi dawa ni nyingi. Nikaanza kumkatia mama nusu kidonge.

Wiki kadhaa baadaye mama anajifunika blanketi mchana, Februari, Dar es Salaam. Sauti imekwaruza, choo kigumu, na ananiita kwa jina la dada yangu.

Daktari hakunigombeza, ingawa nilistahili. Aliniambia TSH haitoki shingoni kabisa. Inatoka kwenye pituitari, tezi ndogo kama punje ya njegere chini ya ubongo, na kazi yake ni kuichochea thairoidi. Ni kama mama aliyemtuma mtoto dukani: mtoto akichelewa, sauti ya kumwita inazidi kupanda. Ukisikia makelele, ujue unga haujafika. Kwa mtu kama mama, TSH ikiwa juu maana yake homoni ya thairoidi mwilini ni pungufu.

Kwa hiyo ukishika karatasi ya majibu, jiulize kwanza: hili ni agizo au ndiyo bidhaa yenyewe? TSH ni agizo. ACTH nayo ni agizo, linaenda kwenye tezi za adrenali juu ya figo. Bidhaa za thairoidi ni T4 na T3, na namba hizo ni idadi ya atomi za madini joto ndani yake, yale yale yanayotiwa kwenye chumvi. Agizo na bidhaa visomwe pamoja, na anayeamua dozi ni daktari.

Maneno ya haipo (hypo, pungufu) na haipa (hyper, kupita kiasi) yalinichanganya zaidi, maana kwa Kiingereza yanakaribiana mno. Kiswahili kikaniokoa. Haipothairoidi: homoni haipo, au haipo ya kutosha. Haipoglaisemia: sukari ya damu haipo ya kutosha. Haipa ni ile inayopaa. Sijasahau tena.

Neno “tezi” nalo lina mitego. Nilimwambia mjomba mama anaumwa tezi, akashangaa: “Kumbe wanawake nao wanayo?” Yeye anaijua tezi dume tu. Siku hizi nataja tezi kwa jina lake lote.

Na kwa nini TSH ilipanda kabla sijaingiza mkono wangu? Kalsiamu. Mama alikuwa akimeza vidonge vyake vya kalsiamu pamoja na levothairoksini, kwa chai ya maziwa, ili amalize vyote mara moja. Kalsiamu huzuia dawa hiyo isifyonzwe vizuri, na vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma vivyo hivyo. Inafaa vipishane kwa saa 4. Daktari akarudisha kidonge kizima, kwa maji matupu, chai isubiri angalau nusu saa, kalsiamu ihamie usiku. Kipimo tukarudia baada ya wiki 6. Nilitaka turudi baada ya siku tano. Akasema ningetupa hela, kwa sababu T4 huchukua kama wiki nzima kupungua nusu kwenye damu, na pituitari nayo haina haraka.