Thamani ya p: iache ibaki namba hadi mwisho

Ukiwa mgeni kwenye kazi ya kuandaa ripoti za takwimu, jua mapema kwamba ripoti hurudishwa kwa mambo madogo. Chukua thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata matokeo kama yako au makali zaidi endapo hakuna athari yoyote: jedwali la kwanza lina 0.03, la pili 0.0312, la tatu .000. Hesabu zote ni sahihi, ila msomaji ameshaanza kutilia shaka na yale mengine.

Hiyo .000 usiinakili kamwe. Matoleo ya zamani ya SPSS, programu ya takwimu, huikadiria tu katika nafasi tatu za desimali. Bofya jedwali mara mbili, kisha seli yenyewe, namba kamili itajitokeza. Stata, programu nyingine ya takwimu, nayo hutoa 0.000. Ikiwa chini ya 0.001, andika p < 0.001 na uendelee. Kwenye R, lugha ya kompyuta ya takwimu, utakutana na < 2.2e-16 (yaani 2.2 × 10⁻¹⁶), ambayo ni ukomo wa usahihi wa kompyuta, wala haihusiani na data yako. Kuna wanaoibandika kwenye ripoti kwa fahari!

Sifuri kabla ya nukta isikuumize kichwa. Mtindo wa APA (Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani) huiondoa, majarida mengine huitaka. Fuata anayepokea kazi.

Penye hatari hasa ni kukadiria mapema. Chukua 0.0496. Ukiifanya 0.05 kwanza, kisha ukaiuliza programu kama iko chini ya 0.05, itajibu hapana, na nyota inayoashiria matokeo yenye maana kitakwimu inatoweka kwenye jedwali. Vilevile, ukishaandika "<0.001" ndani ya safu, safu nzima imekuwa maandishi: huwezi tena kuipanga wala kuilinganisha ipasavyo. Kwa hiyo linganisha kwa namba kamili, pamba mwonekano baadaye, tena kwa kitendakazi (function) kimoja kinachohudumia majedwali yote. Ukichagua format.pval, kitendakazi cha R cha kupamba thamani za p, weka eps (kikomo cha chini) = 0.001, ukiweka 0.0001 itakutolea <1e-04, na digits yake huhesabu tarakimu zenye maana, si nafasi za desimali.

Kabla hujakiamini kitendakazi chako, kilishe namba korofi: 0.0496, 0.00049, thamani inayokosekana, na 0.9996. Hii ya mwisho husahaulika sana. Katika nafasi tatu inageuka 1.000, kana kwamba ni uhakika kamili. Mimi huandika > 0.99. Inayokosekana iwekee kistari, usiache NA, alama ya R ya thamani inayokosekana, ikizagaa kwenye jedwali la mteja.