Usifunge mota moja kwa moja kwenye tairi

Kaka, umeuliza kama hiyo mota ya mizunguko 3,000 kwa dakika uifunge moja kwa moja kwenye tairi la skuta yako. Usifunge hivyo, itashindwa kuondoka na uzito wako, mwisho itaungua. Weka cheni na sproketi, yaani magurudumu ya meno yanayoshika cheni: ya meno 11 kwenye mota, ya meno 55 kwenye tairi. Hapo tairi litazunguka polepole mara tano kuliko mota, lakini kwa nguvu zaidi. Tairi la kipenyo cha sentimita 20 litakupa kama kilomita 22 kwa saa, na kwa mashimo ya mitaa yetu inatosha kabisa. Sproketi kuukuu zitafute mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Pitisha kidole kwenye meno. Yakiwa yamechongoka kama ndoana, iache. Halafu breki, tafadhali, zifunge mbele na nyuma kabla hujawasha chochote. Mimi nilianza na ya mbele tu, nikarushwa juu ya usukani.