Baba hataki simu kabisa, tumfanyeje?

SWALI: Shikamoo anti. Na kamwene pia maana mi ni wa Iringa, baba yangu yuko Ilula analima vitunguu na nyanya, ana miaka 71 na simu hataki hata kuiona. Mwaka jana nilimnunulia simu janja ya laki mbili na themanini, akaipokea akashukuru vizuri tu, nimerudi naikuta sandukuni imeviringishwa kwenye khanga ya marehemu mama, haijawahi kuwashwa. Hela nikituma napitishia kwa jirani, meseji za mbolea ya ruzuku nazo zinaingia kwa jirani maana baba alijiandikisha kwa namba yake, msimu uliopita habari imemfikia kachelewa, kwenda kwa wakala anaambiwa mbolea imeisha. Ukimuuliza anasema hela za simu ni wizi mtupu, hajasahau zile tozo za miamala, vitunguu vyake anataka alipwe keshi mkononi, halafu maandishi yenyewe yako kama sisimizi wanatembea. Zamani hakuwa hivi jamani, ndo alikuwa anasoma somo kanisani kila Jumapili, siku hizi hata hilo kaacha anasema vijana wasome. Mdogo wangu anasema mzee mbishi tumuache. Nifanyeje?
Binti wa Ilula, niko Dar

JIBU: Marahaba mwanangu, kamwene. Barua yako nimeirudia mara tatu na kila nikisoma nakwama palepale, kwenye wale sisimizi na lile somo la kanisani. Mpelekeni baba akapimwe macho. Macho ya kusomea karibu yanaanza kuchoka mtu akishavuka 40 tu, sasa yeye ana 71, na huenda kuna mtoto wa jicho juu yake, hapo mpimaji ndo atasema. Mzee aliyezoea kusimama mbele ya waumini akasoma bila kukwama, unadhani atakuita akwambie mwanangu sioni? Hawezi, atasema simu ni wizi, na wewe utaamini kwa sababu wazee tushawazoea kuwaita wabishi.

Halafu hayo mengine anayosema yana ukweli ujue. Tozo za miamala zilianza Julai 2021, watu walilia nchi nzima mpaka Septemba zikapunguzwa asilimia 30, sasa mkulima anayehesabu gunia kwa gunia hawezi kusahau kirahisi. Na vitunguu vyake anavyotaka alipwe keshi mkononi mi namuelewa kabisa, kuna wanunuzi wanakuja na fuso wanapakia mzigo, wanakuonyesha meseji ya uongo kwamba hela imeingia, ukija kuangalia salio hamna kitu na gari lishashuka mlima Kitonga. Ndo maana siku akianza kutumia simu, cha kwanza kumfundisha kuhusu hela iwe kuangalia salio mwenyewe, asiamini meseji yoyote hata ije na jina gani, na zile za "ile hela tuma kwenye namba hii" azitume 15040, namba ya kuripoti matapeli, hiyo namba ni bure.

Ile simu janja iache sandukuni, imekaa na khanga ya mama yenu na hilo ni jambo lake. Mnunulie kitochi cha vitufe vikubwa chenye tochi na redio, chaji inakaa siku nyingi, mwezi wa kwanza apokee simu zako tu basi, usimlundikie mambo. Laini aisajili yeye mwenyewe kwa kitambulisho chake cha NIDA na vidole vyake, isiwe kwa jina lako wala la jirani. Namba ya siri aichague yeye na asimtajie mtu, hata mjukuu, hata wakala anayesema leta mzee nikusaidie, maana hapo ndo wazee wengi wanaliwa na wanaona aibu kusema. Kwa hiyo miwani kwanza, mtu asiyeona vitufe lazima ataitaja namba yake kwa sauti dukani.

Mbolea usiicheleweshe hata kidogo. Tangu ruzuku hii izinduliwe Nanenane ya 2022 pale Mbeya, mkulima anaandikishwa kijijini na taarifa zinakuja kwenye namba aliyoiacha, kwa hiyo laini ikishapatikana nendeni wote wawili kwa mtendaji wa kijiji mwombe namba ya jirani itolewe iwekwe ya baba, muende mapema kabla msimu haujaanza. Jirani mshukuruni kwa heshima, kawabeba muda mrefu.

Na mdogo wako mwambie akome kumuita baba mbishi.

Ukifika nyumbani usianze na habari za simu. Kaeni jioni, mpe Biblia yake mwambie baba nimelikumbuka somo lako, nisomee kidogo, halafu tazama anaishika mbali kiasi gani.